Bi Spana na Bomba Lililopiga Hodi

Dereva alikataa kunifikisha mlangoni. Alisimamisha gari kwenye kona, akanionyesha kwa kidevu jengo la ghorofa tano lililopauka, nguo zimeanikwa karibu kila dirisha.

"Ni lile. Begi lako si zito, utafika."

"Barabara mbovu?"

"Barabara nzima. Jengo ndilo lina mdomo." Alicheka, lakini mkono wake haukutoka kwenye gia. "Linapiga hodi ukutani. Likipiga mara tatu, kuna mtu humo ndani anaitwa, na akiitwa harudi. Mimi bado nina watoto wa kusomesha."

Nilikuwa wiki ya tatu njiani, nimebadilisha mabasi na lugha mpaka nikawa naota kwa lugha moja na kuamka kwa nyingine. Sikuwa na nguvu ya kuogopa. Nilibeba begi langu, nikapanda ngazi hadi chumba cha ghorofa ya nne nilichokuwa nimekodi kwa simu bila kukiona, nikalala.

Asubuhi yake, nikiwa nanawa uso, ukuta uligonga. Ngo, ngo, ngo. Ulikuwa mlio mzito wa ndani kwa ndani, kama ngumi iliyofungwa kitambaa. Saa moja baadaye nikapata ujumbe kutoka nyumbani: mjomba wangu amelazwa. Mimi si mtu wa mizimu. Nimelala katika nyumba nyingi ambazo wenyeji walinionya kuhusu chumba fulani au ngazi fulani, na mara zote nimelala usingizi wa pono. Lakini asubuhi ile mwili ulinisisimka kuanzia kisigino.

Nilishuka kutafuta chai. Chini ya ngazi alikuwa amepiga magoti mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, amevaa ovaroli ya bluu iliyokunjwa mikono, spana ndefu ameibana kwapani kama wanawake wengine wanavyobana mkoba. Sikio lake lilikuwa limebandikwa kwenye bomba.

"Mgeni wa ghorofa ya nne," alisema bila kugeuka. "Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Ngapi?"

"Tatu."

Aligeuka akanitazama kama nesi anavyomtazama mgonjwa aliyedanganya kuhusu vidonge. "Saba. Nilikuwa nimesimama hapa na kalamu." Akanionyesha daftari: saa, dakika, milio saba. "Nani alikuambia tatu? Maana umefika jana tu."

Nikamtaja dereva.

"Basi umesikia alichosikia dereva. Na yeye hajawahi kukanyaga humu." Akasimama, magoti yakilia. "Mtu mwenye adabu hupiga hodi mara tatu. Tumefundishwa hivyo tangu tunatambaa. Bomba likilia saba, sikio linachukua tatu linazozijua, nne zilizobaki linawatupia mbwa."

Nikamuomba anionyeshe chai inauzwa wapi, akaniambia nisihangaike, anayo chumbani kwake.

Jengo zima walimwita Bi Spana. Ndiye aliyekuwa mtunza jengo na fundi wake wa mabomba. Chumba chake kilikuwa pale chini, kando ya koki kubwa ya maji, na kazi na chumba vilikuwa pacha: ukipoteza kimoja umepoteza vyote. Kazi aliirithi kwa mumewe. Alipoolewa hakujua hata maji yanapanda vipi ghorofani. Mume akaumia mgongo, yeye akaanza kumbebea sanduku la zana. Mgongo ukazidi, akaanza kushika spana mwenyewe huku mume amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimwelekeza na kumtania. Miaka ya ndoo ilikuwa kumi na mmoja. Mume alipofariki, mwenye jengo alimwambia, "Endelea tu, kwani tofauti iko wapi?"

Tofauti ilikuwepo. Mwezi wa pili baada ya mazishi, kuta zilianza kugonga.

"Wifi yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ni yeye," Bi Spana alinieleza, akipuliza chai. Wifi, dada mkubwa wa marehemu, alikaa ghorofa ya pili. "Alipita mlango kwa mlango: mdogo wangu hajatulia, mkewe hamwombei vya kutosha. Halafu mke wa Mwalimu wa ghorofa ya tatu akafa. Halafu mzee wa ghorofa ya tano. Halafu yule fundi cherehani. Watatu kwa mwaka mmoja na nusu. Ikawa si salamu tena, ni wito. Na mimi ndiye karani wa wito."

"Kwa nini wewe?"

Alinyanyua daftari. "Kwa sababu naandika."

Bi Spana alikuwa amefanya jambo ambalo fundi yeyote makini angelifanya: kila bomba lilipolia aliandika tarehe, saa, idadi ya milio, na nani alikuwa anatumia maji. Na kwa kuwa watu walidai milio inakuja kabla ya vifo, aliandika na vifo. Alitaka kupima. Majirani waliona mwanamke aliyebandika sikio ukutani, kisha akaandika majina ya watu kwenye kitabu, kisha watu hao wakawa wamekufa. Hakuna aliyeuliza kipi kilitangulia. Kamati ya wapangaji ilikuwa imeitisha kikao siku ya Jumapili, kupiga kura ya kumwandikia mwenye jengo kwamba fundi aondolewe, yeye na daftari lake. Siku tuliyokunywa chai ile ilikuwa Jumatatu; zilibaki siku sita.

"Siku sitini na moja," alisema, akifungua kurasa. "Bomba limelia siku sitini na moja. Vifo vitatu. Hizo hamsini na nane nyingine nani alikufa? Kuku?"

"Na hizo tatu?"

"Hizo ndizo tamu. Njoo."

Alinipeleka kwa Dobi, aliyekuwa na chumba cha kufulia upande wa nyuma wa jengo. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji, na mashine mbili: ndogo ya nguo za kila siku, na jitu moja la zamani la mablanketi. Jitu hilo koki yake ilijifunga kwa kishindo. Maji yaliyokuwa yanakimbia yalisimamishwa ghafla, yakajigonga kwenye bomba kama watu waliofungiwa mlango, na kishindo kikapanda hadi ghorofa ya tano.

"Hii naiwasha kwa mablanketi tu," Dobi alisema. "Na mablanketi ya watu mnayajua. Ni mgeni, ni kuhama, ni mtoto kalowesha..."

"Au?" Bi Spana alimhimiza.

"Au ugonjwa. Au msiba. Mtu akishafariki wanaleta matandiko yote."

Nilielewa polepole, kama mtu anayewashiwa taa moja moja. Milio na vifo vilikuwa ndugu kweli. Ila kifo kilikuja kwanza, na hodi ikafuata na mablanketi. Kumbukumbu za watu ndizo zilizobadilisha foleni.

Niliuliza kama amewaambia. Akacheka kicheko kifupi. "Nimewaambia? Mwulize Mwalimu."

Mwalimu alikuwa mwenyekiti wa kamati, mstaafu wa ghorofa ya tatu, shati limepigwa pasi hata akiwa anamwaga takataka. Alinikaribisha kwa heshima zote. Kitanda cha wawili kilionekana kupitia mlango uliokuwa wazi, upande mmoja umetandikwa, mwingine umelaliwa.

"Yule mama anasema mke wangu alifariki Jumanne na ukuta ukagonga Jumatano," aliniambia. "Mimi nasema uligonga Jumanne alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono. Aligeuza macho kuelekea ukutani. Sasa mgeni wangu, wewe umesoma, umetembea. Utaniambia siijui siku ya mke wangu?"

Nilitamani nimwambie nilivyohesabu tatu badala ya saba. Lakini haikuwa hesabu iliyokuwa inamshikilia mzee yule. Miaka arobaini na mbili ya ndoa ilikuwa imeishia kwenye pumzi moja isiyo na neno, na ukuta ukampa neno. Nani hutupa kitu kama hicho kwa sababu ya daftari?

Mjomba wangu alitoka hospitali siku ya Jumatano, mzima, akilalamikia chakula. Nilipomwambia Bi Spana, aliandika: "Mjomba wa mgeni. Hakufa." Akapigia mstari mara mbili.

Wifi mtu naye alikuja Alhamisi, nikiwa nimekaa mlangoni kwa Bi Spana. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti inayotangulia mwili.

"Wifi, acha ukaidi. Nimempata mzee wa kusafisha majengo. Jumamosi anakuja, anasoma yake, ananyunyiza yake, wewe unamshikia ndoo. Kisha unasema mbele ya watu: nimekosa, nimesamehewa, limeondoka. Kura inakufa. Unabaki na chumba chako."

"Nimekosa nini?"

"Kwani lazima ujue? Wangapi wanaomba msamaha wanajua?"

"Mimi najua kuziba bomba, wifi. Kujiziba mdomo sikufundishwa."

"Hiyo ndiyo iliyomuua mdogo wangu. Hiyo midomo."

"Mdogo wako aliuawa na mgongo na sigara, na sigara ulikuwa unamletea wewe."

Walitazamana. Nilidhani patazuka vita. Badala yake Wifi akachukua kikombe cha chai cha Bi Spana, akakimaliza, akaondoka.

Lakini swali moja lilikuwa likimkera Bi Spana kuliko kura yenyewe. Mashine ya Dobi ilikuwepo hata enzi za mumewe. Mbona wakati huo ukuta haukugonga? Ijumaa asubuhi aliamua kuhamisha kabati la zana lililokuwa nyuma ya koki kubwa, ambalo halijasogezwa tangu msiba. Nilimsaidia kusukuma. Nyuma yake, ukutani, palisimama kipande cha bomba kilichozibwa juu, kisichokwenda popote, chenye koki ndogo chini yake. Na kando yake mistari ya chaki, mingi, kila mmoja na tarehe. Baina ya mstari na mstari ilikuwa miezi mitatu. Wa mwisho ulikuwa wiki tatu kabla mume hajafa.

Bi Spana alikaa sakafuni. Niliogopa ameugua. Alikuwa anacheka, machozi yakimtoka.

"Hewa," alisema alipopata sauti. "Hiki kinatunza hewa. Maji yakigonga, yanagonga kwenye hewa, kama kichwa kwenye mto. Lakini hewa inaliwa na maji polepole, lazima umwage maji, uijaze upya. Alikuwa anafanya hivyo kila miezi mitatu na mgongo ule! Mchawi yule! Miaka yote kanifundisha kila kitu akaacha hiki kimoja."

"Pengine alisahau."

"Hakusahau. Alitaka abaki na kazi moja anayoiweza bila mimi." Alipitisha kidole juu ya chaki ya mwisho bila kuigusa. "Kwa hiyo Wifi yuko sahihi nusu. Ni yeye kweli. Kinachogonga ni kutokuwepo kwake."

Jumamosi saa nne asubuhi, badala ya mzee wa Wifi, Bi Spana ndiye aliyewaita watu wote uani. Walikuja zaidi ya arobaini, wengine na viti vyao. Bi Spana alifungua milango yote ili kila mtu aone koki, bomba, na jitu la Dobi lililoshindiliwa mablanketi. Hakuna kificho, alisema, mwenye macho asogee.

"Dobi, washa!"

Mashine ikanguruma, ikavuta maji. Bi Spana alinyanyua mkono. "Linagonga... sasa!" Ngo! Ukuta ukaitika juu hadi chini. Watoto wakaruka. "Tena... sasa!" Ngo! Alifanya hivyo mara nne bila kukosea hata moja, kisha akaeleza: koki, maji, hewa. Alionyesha chaki. Akafunga maji, akamwaga bomba lile mpaka likatoa sauti ya kukoroma, akalifunga, akarudisha maji. Dobi akawasha tena. Mkono wa Bi Spana ukapanda. "Sasa!"

Kimya. "Sasa!" Kimya.

Alisimama pale, ovaroli imelowa hadi tumboni, uso unang'aa. Katika maisha yangu ya kutangatanga nimewaona watu wachache sana wakiwa na furaha safi namna ile. Mimi mwenyewe nilianza kupiga makofi. Nilipiga peke yangu.

Sauti ilitoka kwenye viti vya nyuma, ya mama mmoja wa ghorofa ya kwanza. Haikuwa ya shari. Ilikuwa ya mtu aliyeelewa.

"Mmeona wenyewe. Akiita, linaitika. Akilifukuza, linaondoka."

Watu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja, kama waliofanya mazoezi.

Jumapili kura haikupigwa. Nani angenyanyua mkono dhidi ya mwanamke wa namna hiyo? Kufikia Jumanne walikuwa wanamwamkia "shikamoo mama" hata waliomzidi umri. Mwenye jengo alipigiwa simu akaombwa asimguse. Mlangoni pake vilianza kuonekana vitu: sabuni, mkate, kanga mpya ndani ya karatasi. Mama yule wa ghorofa ya kwanza alikuja kwa kunyata.

"Mama, niulizie. Mume wangu anasema yuko kazini mpaka jioni. Ni kweli?"

"Muulize mumeo."

"Mume wangu mwongo."

"Na bomba ndilo kweli?"

"Bomba halina mwanamke mwingine, mama."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Bi Spana hakucheka. Alirudisha sabuni, akarudisha mkate, akarudisha kanga. Kesho yake vilikuwa vimerudi mlangoni, na vingine juu yake. Nilimwambia asijali, si ameshinda? Chumba anacho, kazi anayo.

"Ninayo kama nani?" aliniuliza. "Walitaka kunifukuza kwa kosa ambalo sikulifanya. Sasa wananiweka kwa uwezo ambao sina. Ni barua ileile, wamegeuza bahasha."

Nadhani hata hivyo angekaa, kwa ukaidi tu, kama si Mwalimu. Alishuka Alhamisi mchana, shati limepigwa pasi, akakataa kiti.

"Fundi. Tarehe kumi na nne ni kumbukumbu ya mke wangu." Alitazama viatu vyake. "Ligonge mara moja tu. Alfajiri. Sitakuuliza umefanyaje."

Bi Spana aligeuza kichwa ukutani. Koki kubwa ilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ingemchukua dakika tano.

"Mwalimu," alisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "naweza. Ndiyo sababu sitafanya."

"Unaninyima?"

"Nitakupa nilicho nacho." Alifungua daftari. "Jumatano ile mablanketi ya mkeo ulishuka nayo mwenyewe. Yalikuwa manne, yalikushinda, na ulikataa kusaidiwa na mtu yeyote. Nilikuwa kwenye ngazi, nilikupisha. Ulisimama kwa Dobi mpaka yakaisha. Ule mlio ulikuwa wa mkono wako, Mwalimu. Wewe ndiye uliyekuwa unagonga."

Mzee alilitazama daftari kama mtu anayetazama picha yake ya ujana.

"Sitaki hiyo," alisema. "Nataka ya kwangu." Akapanda ngazi, moja moja, bila kushika chuma.

Bi Spana alifunga mlango. Kesho yake aliniambia hospitali moja ya mji mwingine inatafuta fundi wa mabomba, amewapigia, wamemkubali.

"Umeshindwa, basi," nilimchokoza.

"Nimeshindwa nini? Bomba limenyamaza. Nimekataa kuwa jini la kufugwa, hilo tu. Mtu akikuita mchawi unaweza kumkatalia. Akikuita mchawi na kukushukuru, ukikaa umekubali."

Aliondoka Jumatatu asubuhi. Gari dogo la mizigo lilisimama mbele kabisa ya mlango. Dereva huyu hakuwa amesikia habari zozote. Tulipakia godoro, sanduku la zana, ndoo. Madirishani vichwa vilijaa, hakuna aliyeshuka. Wifi peke yake alishuka, mikono kiunoni.

"Unaniacha na watu hawa?"

"Ni watu wako. Wewe ndiye uliyewapa hadithi."

Bi Spana alitoa ufunguo wa chumba cha koki, akauweka kwenye kiganja cha Wifi, akamfumbisha vidole kwa nguvu. "Mstari wa chaki wa mwisho ni wa Jumamosi ile. Miezi mitatu, unamwaga, unajaza, unachora mstari. Nimekuandikia ukutani kwa rangi nyekundu. Ukitaka mdogo wako agonge, usimwage, atagonga. Lakini utajua nani kamruhusu."

Wifi aliutazama ufunguo. Nilisubiri matusi. Alipozungumza, sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ya ukubwa wa kawaida.

"Mimi nilimbeba mgongoni yule. Hakuwahi kupiga hodi mlango wowote maisha yake. Aliingia tu."

Bi Spana aliangua kicheko, na Wifi akamfuata, wakashikana mabega katikati ya barabara mpaka dereva akapiga honi. Kisha Bi Spana akapanda mbele, spana mapajani, akateremsha kioo. Mama wa ghorofa ya kwanza alipunga mkono kwa woga kutoka dirishani.

"Kazini kwa mumeo mpigie simu!" Bi Spana alimpigia kelele. "Namba iko mlangoni kwao!"

Gari likaondoka. Halikwenda polepole na yeye hakugeuka. Wifi na mimi tulibaki kwenye ngazi ya mlango, vumbi likishuka.

"Wewe mgeni," alisema hatimaye, akiupima ufunguo kiganjani. "Unaondoka lini?"

"Sijui bado."

"Vizuri. Koki inafungwa kulia au kushoto?"